Watoto Wetu na Yaya wa Kioo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na akamfunza kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, maneno haya yalisemwa kwanza katika darsa yetu ya baada ya Magharibi, na baadhi ya ndugu wakataka yaandikwe ili wayapate na wale wasiohudhuria, khasa mama zetu na dada zetu walioko majumbani, kwani jambo lenyewe ni lao kabla ya kuwa letu.

Nilikwenda kumzuru jamaa yangu mmoja hapa Mji wa Kale. Nikabisha hodi, nikakaribishwa, nikakaa. Pembeni mwa ukumbi alikuwako mjukuu wake, mtoto wa miaka mitatu, amejilaza juu ya mkeka na simu ya babake i mikononi mwake. Nikamsalimu, hakunitazama. Nikamwita kwa jina lake mara mbili, wala hakugeuza shingo. Bibi yake akamwambia, “Mwanangu, mshike babu mkono,” na mtoto ni kama hakusikia. Akaletewa chakula, akalishwa kijiko baada ya kijiko na macho yake hayakubanduka kwenye kioo; nadhani lau angeulizwa alichokula asingejua.

Kisha babake alitaka simu yake apate kutoka. Hapo ndipo nilipoona ajabu. Yule mtoto aliyekuwa kimya kama maji ya mtungini alipiga ukelele, akajitupa chini, akamuuma babake mkono, na bibi yake alipotaka kumwinua akampiga kofi la uso. Watu wazima wanne tulikuwa pale, na sote tulishindwa na mtoto wa miaka mitatu. Baba akarudisha simu, akacheka kwa haya, akasema, “Wazee walisema, mtoto akililia wembe mpe.” Nyumba ikatulia. Naye bibi akaniinamia akaninong’oneza kwamba mtoto huyu ana kitu, hasemi kama wenziwe, usiku halali, na kwamba wamekwisha ambiwa kuna mtu ng’ambo atamfanyia hirizi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni, si kwa sababu ya kofi la mtoto, bali kwa sababu niliwaona watu wema, wenye kuswali na kufunga, wanaompenda mtoto wao kwa dhati, nao hawajui ni nini kilichoingia nyumbani mwao. Wakitafuta jini, na jini lenyewe wamelinunua dukani kwa pesa zao.

AMANA NA ATAKAYEULIZWA

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichopewa kuchunga, mwanamume ni mchunga wa watu wa nyumba yake, na mwanamke ni mchunga wa nyumba ya mumewe na watoto wake. Na katika Sura ya Tahrim, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini wajilinde nafsi zao na watu wao na Moto. Wanazuoni wamesema kwamba kumlinda mtu wako ni kumfunza na kumtia adabu. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyaa kwamba mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, na moyo wake ni johari safi isiyo nakshi, iliyo tayari kupokea kila kinachochorwa juu yake.

Sasa natujiulize: mwenye kuchora ni nani? Ikiwa mtoto yu macho saa kumi na mbili kwa siku, na saa nne au tano katika hizo macho yake yamo ndani ya kioo, basi si baba anayechora, wala si mama, wala si mwalimu wa chuoni. Anayechora ni mtu tusiyemjua, aliye mbali, asiyeijua dini yetu wala mila yetu wala jina la mtoto wetu, na haja yake kubwa ni kwamba mtoto asiondoe macho. Ndiyo maana mchezo mmoja ukisha, mwengine huanza wenyewe pasi na kuombwa. Je, mchunga akimpa kondoo wake mpita njia asiyemjua, akaenda zake barazani, tutamwita mchunga?

MTOTO HUJIFUNZA VIPI

Katika Sura ya Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba ametutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, akatupa kusikia, na kuona, na nyoyo, ili tupate kushukuru. Tizameni mpango huu. Mtoto huzaliwa hana elimu, bali ana milango ya elimu. Na milango hiyo hufunguliwa na mtu, haifunguliwi na chombo. Mama humtazama mwanawe naye akamtazama. Mtoto akatoa sauti, mama akamjibu. Mtoto akaonyesha kidole, mama akakitaja kitu jina lake. Kutoa na kupokea huku, mara elfu na elfu, ndiko kunakoujenga ulimi na akili.

Wataalamu wa zama zetu wameyajaribu haya kwa macho yao. Mwaka 2003 bibi mmoja mtaalamu wa lugha huko Marekani, Patricia Kuhl, pamoja na wenziwe, waliwachukua watoto wachanga wa miezi tisa wasiojua ila Kiingereza, wakawasikilizisha lugha ya Kichina. Baadhi yao walikaa na mtu aliyewasomea na kucheza nao kwa Kichina. Wengine waliwekewa mtu yule yule, na maneno yale yale, ndani ya televisheni. Watoto waliokaa na mtu walijifunza kupambanua sauti za Kichina. Waliowekewa televisheni hawakujifunza kitu. Walikuwa sawa na watoto wasioisikia kabisa lugha ile. Sauti ilikuwa moja na sura ilikuwa moja, kilichokosekana ni mtu.

Nasi Waislamu lau tungetaamali, jambo hili lisingetushangaza. Kurani haikushuka ikiwa kitabu kilichotupwa kutoka juu. Jibrili alimjia Mtume (S.A.W.), akamsomea naye akasoma, na kila usiku wa Ramadhani walikutana wakidurusi. Masahaba waliipokea kutoka kinywani mwake, na wanafunzi wao kutoka vinywani mwao, mpaka ikafika kwetu katika vyuo vyetu, mtoto akikaa mbele ya mwalimu wake akitazama midomo yake. Umma ambao elimu yake imepita mdomo kwa mdomo kwa zaidi ya miaka 1,400, vipi leo utatosheka mtoto wake afunzwe kusema na kioo?

KINACHOHARIBIKA

Najua wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya masheikh, wapingao kila jambo jipya. Basi nawasikilize waliokichunguza kitu hiki, na wao si masheikh.

Mwezi wa Aprili, 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa muongozo juu ya watoto wa chini ya miaka mitano. Likasema kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa. Wa mwaka mmoja vilevile haifai. Na kuanzia miaka miwili mpaka minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Muongozo huo huo umesema kwamba mtoto wa mwaka mmoja au miwili ahitaji usingizi wa saa 11 mpaka 14 kwa usiku na mchana, na wa miaka mitatu au minne saa 10 mpaka 13. Na kwamba ahitaji kutembea, kukimbia na kucheza kwa jumla ya dakika 180 kila siku. Mwaka 2024 serikali ya Sweden, nchi iliyotangulia sana katika vyombo hivi, nayo iliwashauri wazazi wake kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kioo kabisa.

La kwanza linaloharibika, basi, ni ulimi na ukuaji. Katika mji wa Calgary, nchi ya Kanada, watu wa elimu waliwafuata kina mama 2,441 na watoto wao, wakawapima walipokuwa na miaka miwili, na mitatu, na mitano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: watoto waliozidishiwa kioo walipokuwa wadogo walionekana nyuma ya wenzao katika vipimo vya kukua vilivyofuata. Haimaanishi kwamba kila mtoto anayechelewa kusema kosa ni la simu. Yapo maradhi, na yapo masikio yasiyosikia vyema, na tutalitaja hilo. Lakini saa anayokaa na kioo ni saa asiyosemeshwa, na mtoto asiyesemeshwa atasema vipi?

La pili ni usingizi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nabaa ameutaja usingizi kuwa ni mapumziko, na usiku kuwa ni vazi. Sisi tumelichana vazi hilo. Mwangaza wa kioo, ukiingia machoni wakati wa usiku, huuzuia mwili kutoa homoni ya melatonini, ambayo ndiyo inayomjulisha mtu kwamba wakati wa kulala umefika. Na mchezo wenyewe huuchangamsha moyo pale ulipotakiwa utulie. Mtoto akalala saa tano za usiku, akaamka amenuna, siku nzima akawa mkali, na jioni tukampa simu ili anyamaze. Hivyo ndivyo gurudumu linavyozunguka.

La tatu ni subira na kujizuia. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, Angeline Lillard na Jennifer Peterson, waliwachukua watoto 60 wa miaka minne, wakawagawa makundi matatu. Kundi moja walitazama katuni ya mbio mbio kwa dakika tisa, kundi jengine walitazama kipindi cha utaratibu, na kundi la tatu walipewa kalamu za rangi wachore. Kisha wakawajaribu kwa mambo yanayotaka kufikiri, kukumbuka na kungoja. Wale wa katuni ya mbio walikuwa nyuma sana ya waliochora. Dakika tisa tu, ndugu zangu! Na sisi twawaacha watoto wetu kuanzia Alasiri mpaka Isha.

La nne, na ndilo linalogusa ule ukelele nilioueleza, ni kwamba mtoto anayenyamazishwa kwa kioo hajifunzi kunyamaza mwenyewe. Wataalamu wa chuo kikuu cha Michigan waliwachunguza wazazi 422 na watoto wao wa miaka mitatu mpaka mitano, na mwaka 2022 wakaeleza kwamba kuzoea kumpoza mtoto kwa simu kunafuatana na kuzidi ukali na kubadilika kwa hamaki za mtoto baadaye, khasa kwa watoto wanaume, na kwa wale ambao tangu asili ni wepesi wa kuhamaki. Ghadhabu ni mzigo, na kila mtu hana budi kujifunza kuubeba tangu utotoni, polepole, akiwa amekumbatiwa na mamake. Tukimwondolea mtoto mzigo huo kila mara kwa kumpa kioo, tutamkuta ana miaka ishirini na hajui kuubeba.

WEMBE NA MWENYE KUUTOA

Husemwa kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii wazee wetu hawakuisema juu ya mtoto wa miaka mitatu. Waliisema juu ya mtu mzima aliyeonywa akakataa kuonyeka, apate kufunzwa na ulimwengu. Wala sikupata kumwona mzee hata mmoja, katika mji wetu huu, aliyeutoa wembe wa kunyolea akamtia mtoto mchanga mkononi. Walikuwa wakiuficha juu ya kabati, na mtoto akilia wakamwacha alie, au wakampa kijiti cha kuchezea. Methali waliyoisema juu ya watoto ni nyengine: samaki mkunje angali mbichi.

Wako na wengine wasemao, “Sisi hatumwekei katuni za upuuzi. Sisi twamwekea Kurani na kasida.” Hawa nia yao ni njema, na Mungu atawalipa kwa nia yao. Na kwa mtoto mkubwa anayejifunza, kumsikiliza msomaji hodari ni jambo zuri. Lakini mtoto wa mwaka mmoja aliyewekewa kioo ili mama apate nafasi, macho yake hupata rangi na mwendo, wala hapati Kurani. Na zaidi ya hilo, natuogope kumzoeza mtoto kwamba Maneno ya Mwenyezi Mungu ni kelele ya kupitia nyuma yake naye akicheza. Mchukue mapajani, usome Sura ya Ikhlas kwa sauti yako, hata kama si nzuri. Sauti ya mama ikisoma Kul huwa Llahu mara moja ni bora kuliko msomaji maarufu mara mia ndani ya kioo, kwani moyo wa mtoto huifuata sauti ya ampendaye.

Na wako wenye udhuru wa kweli. Mama anaamka alfajiri, ana watoto wanne, apika, afua, afagia, na nyumba ni vyumba viwili katika ghorofa ya tatu, hakuna ua, hakuna jirani wa kumwachia mtoto kama zamani. Akimpa mtoto simu kwa nusu saa apate kuepua chungu, nani wa kumlaumu? Mimi simlaumu. Namlaumu yule baba aliyeko barazani tangu Magharibi mpaka saa nne za usiku, akinywa kahawa na kulaumu malezi ya siku hizi, na nyumbani kwake kuna mtoto ambaye hajaonana naye ila akiwa usingizini. Bwana, malezi hayo unayoyalaumu ni yako. Nusu saa unayoikosa nyumbani ndiyo inayojazwa na simu.

SI JINI WALA SI HASADI

Katika mambo yanayosikitisha ni haya ya kumpeleka mtoto kwa waganga. Mtoto hasemi, wasema amerogwa. Halali, wasema ana shetani. Apiga makelele akinyang’anywa simu, wasema amepatwa na jicho. Hutolewa pesa, hufungwa hirizi shingoni, na mtoto hurudishwa nyumbani akapewa simu ile ile. Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kutungika mahirizi, na amelikemea jambo hilo kwa ukali mkubwa. Kumsomea mtoto Kurani na kumwombea kinga kwa Mwenyezi Mungu ni sunna. Yeye mwenyewe akiwaombea Hasan na Husein. Hilo lifanye nyumbani kwako, kwa ulimi wako, bila ya malipo. Lakini Mtume vilevile ametuamrisha tujitibu, akatwambia kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa.

Basi mtoto akifika miaka miwili na hasemi maneno, au haitiki akiitwa jina lake, mpeleke hospitali, apimwe masikio, atazamwe na wenye ujuzi. Huenda asikii, huenda ana jambo jengine la kuzaliwa nalo ambalo si kosa la mtu, wala si aibu, na kulijua mapema ni rehema. Na hali hiyo hiyo, mwondolee kioo, umsemeshe. Hivi viwili vitafanya, kwa idhini ya Mungu, ambalo hirizi mia hazitalifanya.

SIMU SI HARAMU

Msinifahamu vibaya. Sisemi kwamba simu ni haramu, wala kwamba televisheni ivunjwe. Asili ya vitu ni halali, na hukumu hufuata matumizi. Ndugu zetu wangapi wako Dubai na Maskati wakitafuta riziki, nao huwaona watoto wao kwa simu tu? Baba akimpigia mwanawe, wakaonana sura, akamuuliza amekula nini na amefunzwa nini chuoni, hiyo ni kuunga kizazi. Hata madaktari wa watoto wa Marekani, walipotoa nasaha zao mwaka 2016 kwamba mtoto asiyetimiza miezi 18 asiwekwe mbele ya kioo, waliyatoa mazungumzo ya namna hii katika katazo lao. Na sababu ni ile ile tuliyoieleza: hapo upande wa pili yupo mtu, amwita mtoto kwa jina lake na kumjibu. Kinachokatazwa ni kumwachia mtoto kioo kikashika pahali pa mtu.

TUANZE NA NAFSI ZETU

Kabla ya kuinyang’anya simu mikononi mwa mtoto, natutizame mikono yetu. Mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi wa wataalamu waliokaa katika mikahawa ya mji wa Boston, wakawatazama watu wazima 55 waliokuja na watoto wadogo kula. Arubaini katika hao walitumia simu wakati wa chakula, na baadhi yao walizama humo hata mtoto akisema wasimsikie, au wakamjibu kwa ukali. Je, lau wangekuja Mombasa, wakakaa katika sinia ya pilau ya nyumbani kwetu, wangeona lipi lililo bora?

Na hebu tumtizame Mtume wetu (S.A.W.), ambaye mzigo wa umma mzima ulikuwa mabegani mwake. Aliswalisha watu naye amembeba mjukuu wake Umama. Akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Mjukuu wake mwengine alimpanda mgongoni alipokuwa katika sijida, akairefusha sijida mpaka Masahaba wakadhani limezuka jambo, kisha akawaeleza kwamba hakupenda kumharakisha mtoto kabla hajamaliza haja yake. Alimliwaza ndugu yake Anas, mtoto mdogo Abu Umeir, kwa ajili ya kijidege chake kilichokufa. Alimwona mtoto wa kambo, Umar bin Abi Salama, mkono wake ukizunguka sahanini, akamfunza papo hapo ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Adabu hiyo ilifunzwa juu ya chakula, uso kwa uso, na yule mtoto hakuisahau maisha yake yote. Lau katikati yao pangekuwa na kioo, nani angeuona mkono wa mtoto ukizunguka?

Mtoto huiga afanyalo babake, halishiki aambiwalo. Ukimwambia aache simu na yako imo mkononi, umemfunza kwamba simu ni kitu kitukufu ambacho wakubwa wamejihodhia, na atangoja siku yake.

TUFANYENI NINI

Ndugu zangu, mawaidha yasiyokuwa na njia ni kama kisima kisichokuwa na ndoo. Haya ndiyo tuliyokubaliana katika darsa yetu, na kila mmoja atazame lipi awezalo.

Kwanza, mtoto asiyetimiza miaka miwili asipewe kioo, ila kusemezana na jamaa walioko mbali. Na aliyepita hapo mpaka miaka mitano, isizidi saa moja kwa siku, na mtu mzima awe ubavuni mwake, atazame analolitazama, amweleze na amuulize.

Pili, kwenye chakula na kwenye kitanda, kioo kisiwepo, cha mtoto wala cha mzazi. Kuanzia Magharibi mpaka mtoto alale, simu ziwekwe juu ya kabati, pale wazee wetu walipokuwa wakiuweka wembe.

Tatu, usimnyang’anye mtoto kitu bila kumpa badali. Ghazali ameusia kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya mchezo mzuri, kwani kumzuia mchezo kunaufisha moyo wake. Mpe mdako, mpe tiara, mpe udongo na maji, mpeleke pwani akachimbe mchanga. Mpe mchele achague pamoja na nyanya yake, huku akitegewa vitendawili na kuhadithiwa visa vya Abunuwasi. Bibi zetu wanazo hazina hizo, nazo zinazikwa pamoja nao.

Nne, usimdanganye. Wengi wetu humwambia mtoto kwamba simu imeharibika, au imechukuliwa na paka, naye aiona inalia mfukoni. Abdullahi bin Amir amesimulia kwamba alipokuwa mtoto mamake alimwita ili ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwako pale. Akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini, naye akajibu, tende. Mtume akamweleza kwamba lau asingempa kitu ungeandikwa juu yake uwongo. Basi mwambie mtoto kweli: simu iko, na leo basi.

Tano, stahimili kilio. Atalia siku ya kwanza, na ya pili atalia zaidi, kwani amezoea kwamba kilio hununua. Usimpige wala usimkaripie. Mkumbatie, lakini usirudi nyuma. Upole haukuwa katika jambo ila hulipamba. Na watu wa nyumba wawe neno moja, isiwe mama amekataza na shangazi amempa kwa siri.

Baada ya siku chache nilirudi kwa yule jamaa yangu, nikamweleza haya mbele ya mwanawe. Sikuficha kitu. Yule kijana aliinamisha kichwa, akanambia neno ambalo mpaka leo limo moyoni mwangu: “Babu, mimi nilidhani nampa furaha.” Nikamwambia, “Ulimpa. Lakini alikuwa akikutaka wewe.” Walikwenda hospitali, masikio yakapimwa yakaonekana mazima, hirizi haikufungwa, na simu ikapanda kabatini. Sitawaambia kwamba mtoto amekuwa malaika. Bado alia, bado akaidi, ni mtoto. Lakini mara ya mwisho nilipobisha hodi, alikuja mlangoni mbio akiwa ameuma andazi, akautoa mkono wake uliojaa mafuta, akasema, “Shikamoo, babu.” Nami sijapata kupewa mkono uliokuwa mtamu kuliko ule.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Israa, aya ya 36, ametuonya kwamba masikio, na macho, na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Mtoto mchanga hana hesabu. Hesabu ya macho yake na masikio yake iko juu yetu sisi tuliyoyaelekeza.

Ewe Mola wetu, tujaalie wake zetu na waume zetu na watoto wetu wawe tulizo la macho yetu. Utupe subira ya kuwalea, na hekima ya kuwafunza, na uturudishe majumbani mwetu kwa nyoyo zetu kama tunavyorudi kwa miili yetu. Utusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na usituache tuyafanye baada ya kujua. Amin.

Wabillahi ttaufik. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.